Mgongo wa Turubai

Vijana wangu wa kampuni, siku mliyoniaga nilipostaafu mliniwekea mezani daftari jipya, mkanitaka niandike habari za miaka yangu ya kazi ili wanaokuja wajue tulikotoka. Daftari hilo limekaa miezi minne bila tone la wino. Sikukosa la kuandika. Jambo la kwanza nililopaswa kuliandika nilikuwa sijapata kumwambia mtu yeyote, na niliona si haki mlisome ninyi kabla mwenyewe hajalisikia. Sasa amelisikia. Basi nitaanza mwanzo na kwenda kwa utaratibu. Vyeo na mishahara mtavikuta katika faili, navyo havina ladha.

Nilizaliwa Kilwa Kivinje. Kabla ya shule nilisoma chuo cha Kurani, na nilipohitimu nikaendelea na nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, na hadithi za Mtume kwa maalimu mmoja mwenye sauti ndogo na ukali mwingi. Mtu akinukuu neno mbele yake, alimkatiza hapo hapo: "Umelisikia kwa nani? Na yeye kwa nani?" Ukijibu kwamba ndivyo isemwavyo tu, alifunga kitabu na darasa likaisha. Nilijifunza isnadi, yaani mlolongo wa majina ya waliolipokeza neno, kabla sijajifunza kugawanya. Nalitaja hili mapema kwa sababu haliniachii nafasi ya kusema kwamba sikujua.

Uhuru ulinikuta sekondari. Nchi ilihitaji wasomi wa kila namna, nami nikapelekwa ng'ambo kusoma fizikia. Huko nikajikita katika maumbo ya tando. Utando ni kitu chembamba kilichovutwa: povu la sabuni, ngozi ya ngoma, ganda la chembe ya damu. Kila utando hujitafutia umbo lake, na kazi yangu ilikuwa kulijua umbo hilo kwa hesabu kabla halijatokea. Nilipokuja likizo mama aliniuliza nasoma nini. Nikamjibu, kwa kifupi, mapovu. "Miaka sita?" akauliza, akainuka akaenda jikoni.

Niliporudi moja kwa moja, ujamaa ulikuwa umeshika kasi. Watu walikuwa wametolewa katika vitongoji vyao na kukusanywa katika vijiji vipya kandokando ya barabara, na visima vyao vya zamani vimebaki katika mahame, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa miguu. Nilikabidhiwa karakana ndogo ya umma Kilwa Masoko. Agizo la kwanza lilikuwa kutafuta chombo rahisi cha kuhifadhi maji ya masika mpaka kiangazi. Saruji haikupatikana. Kilichokuwapo ghalani ni majora manane ya turubai lililopakwa mpira. Nikapendekeza tushone mifuko mikubwa, tuining'inize katika fremu za miti, na maji ya paa la bati la shule yaingie humo kwa mfereji. Wanakijiji waliuita mfuko huo kiriba, na jina likakaa.

Majaribio yalipangwa katika kijiji kipya, upande wa bara wa Miteja. Nilihitaji mtu mwenye mkono wa kushona kitu kigumu, na katibu wa kijiji akanipeleka kwa Selemani Mchopa, fundi wa ngoma. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye mdomo usiopumzika. Tulimkuta amechuchumaa juu ya ngozi mbichi ya ng'ombe, akiipapasa kwa kiganja kama anayetafuta kitu kilichopotea chini yake. Nilimsabahi kwa "Habari za kazi, ndugu," kama ilivyokuwa desturi ya ofisini siku zile.

Hakuinua kichwa. "Katibu, huyu kijana ana wazazi?"

"Anao, Fundi. Huyu ni Daktari, ametoka ng'ambo kusoma."

"Kumbe. Basi shikamoo zimemwishia njiani."

Nikasema shikamoo.

"Marahaba, baba. Haya, nitibu. Goti hili linaniuma tangu Ijumaa."

Nikamweleza kwamba mimi si daktari wa namna hiyo. "Wa nini basi?" akauliza. Katibu, ambaye nilikuwa nimemweleza njiani kwa uaminifu wote, akajibu kwa niaba yangu: "Wa mapovu." Mchopa alicheka mpaka akakaa chini juu ya ngozi yake.

Ili kuokoa heshima yangu nikamwuliza anatafuta nini. "Mgongo," akasema. "Ng'ombe huyu alipokuwa hai, mgongo wake ulipita hapa. Ngozi haivutiki sawa kwa huku na kwa huku. Mgongo ukikaa katikati ya mdomo wa ngoma, inatulia. Ukikaa kombo, ngoma inalia kama debe, na siku moja inakuchanikia mbele za watu, wali wenyewe bado haujaliwa."

Nilitoa daftari nikaandika: "Imani za mafundi." Daftari hilo ninalo hadi leo, na mwandiko ni wangu.

Juma lililofuata niliwaonyesha wanakijiji jinsi umbo la kiriba lilivyopatikana. Nilichovya pete ya waya katika maji ya sabuni, nikapuliza taratibu, nikaeleza kwamba utando huvuta kwa nguvu sawa kila upande na ndiyo maana hutuna vizuri namna ile. Mama mmoja wa mstari wa mbele akamwambia jirani yake, bila kushusha sauti, "Sabuni dukani hatuijui rangi yake, mwenzetu anaipuliza." Mchopa peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana: kama nimewahi kukiona kitu kingine kinachovuta sawa kila upande, ukiacha sabuni. Nilimwambia kwamba swali hilo linahitaji muda. Kwa kweli lilihitaji jibu la neno moja.

Tulikata katika darasa la shule, turubai limetandazwa sakafuni, mistari nimeichora kwa chaki. Kila kiriba kilikuwa na vipande kumi na viwili vyenye umbo la pande za chungwa. Kama vyote vingelazwa sambamba na jora, turubai la kijiji kile lingetosha viriba viwili tu, nami niliahidi vitatu. Kwa hiyo nikavilaza vingine wima na vingine mshazari, kama mtu anavyopanga samaki kikaangoni ili wakae wote. Mchopa alisimama mlangoni na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, ameichomeka katika kofia.

"Daktari, turubai hili mgongo wake uko wapi?"

"Turubai si ng'ombe, Fundi."

"Limefumwa, halikufumwa?"

"Limefumwa."

"Basi lina mtande na lina mshindio. Huku nyuzi zimetangulia kuvutwa, huku zimepitishwa tu. Na kwa mshazari halina uzi wowote unaolishika. Wewe umenikatia pande moja wima, pande la pili mshazari, kisha unaniambia niwashone pamoja wakae kwa amani."

"Nimepiga hesabu, Fundi."

"Sikatai. Umepiga hesabu ya kitu gani?"

Nikamfungulia kurasa tatu. Mchopa hakujua kusoma, lakini alizitazama moja moja kwa adabu, akanirudishia. "Mwandiko mzuri," akasema, akakaa kushona.

Napenda niseme kidogo juu ya kushona kwake, maana ndiyo kazi bora niliyoiona katika miaka yangu yote. Uzi aliupaka nta ya nyuki, akauvuta mara mbili katikati ya vidole ili nta iingie. Alishona mistari miwili inayokwenda pamoja, kila hatua upana wa ukucha wa kidole kidogo, na kila akifika mwisho wa pande alirudi nyuma hatua saba kabla ya kufunga. Nilimwuliza kwa nini saba. "Sita chache, nane majivuno," akasema. Siku kumi na moja alishona, na siku kumi na moja hakunyamaza.

Kiriba cha kwanza kilijaa masika yaliposhamiri. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, mvua imepumzika, kina mama wamekwisha panga madebe yao ingawa tuliwaambia maji hayo ni ya kiangazi. Kiriba kilituna kama nilivyochora. Nikasimama kando yake na, nitasema kweli, nilikuwa natafuta mtu wa kunipiga picha. Mchopa alizunguka upande wa pili, akainama.

"Daktari, kuna kunyanzi hapa chini. Fungulia maji!"

"Subiri, Fundi. Kinajirekebisha."

"Kinajirekebisha nini? Fungulia!"

Nikanyoosha mkono kumzuia. Turubai likachanika kwa sauti moja, na maji yote yakashuka katika shamba la mihogo la shule na kuondoka na tuta zima. Hakuna aliyeumia. Mama mmoja akajitwisha debe lake tupu, akasema, "Haya, mahame," na wenzake wakamfuata kwenye njia ya visima vya zamani. Waliipita njia hiyo kiangazi chote cha mwaka ule.

Nilikata kipande cha turubai pale lilipochanika, nikaenda nacho karakana. Mshono wa Mchopa ulikuwa mzima, mistari yote miwili, hakuna hatua hata moja iliyolegea. Mpasuko ulianzia katika kitambaa chenyewe, upana wa kiganja kutoka kwenye mshono, katika pande lililokatwa mshazari. Nikakata kanda tatu za turubai jipya, moja kwa mtande, moja kwa mshindio, moja kwa mshazari, nikaning'iniza kila moja na kopo la mchanga, nikapima. Ile ya mshazari ilirefuka hata nikadhani rula imepotoka. Nikapima tena, na mara ya tatu. Pande lililovutika lilimwachia mzigo wake jirani, kunyanzi likajikusanya, na palipo na kunyanzi ndipo palipochanika. Hayo nilikuwa nayajua, kwa ushahidi kamili, siku mbili kabla ya mkutano wa kuchunguza ajali hiyo.

Mkutano ulifanyika darasani mle mle. Alikuja afisa kutoka wilayani, naye alikwisha kulitumia neno hujuma kabla hajakaa. Turubai lilikuwa la kuagizwa kutoka nje, na siku zile kitu cha namna hiyo hakikuruhusiwa kuharibika bila mtu wa kulaumiwa.

"Nani aliyeshona?" akauliza.

Mchopa akasimama. "Mimi. Na aliyekata ni Daktari. Muulizeni yeye, anajua."

Darasa zima likanigeukia.

"Daktari, hesabu zako zilikuwa na kosa?"

"Hesabu zilikuwa sahihi," nikasema.

Nimezirudia hesabu hizo juzi, kabla ya kuandika ukurasa huu. Hazina kosa hata moja. Ni hesabu sahihi kabisa za turubai ambalo halijapata kufumwa duniani. Nililijua hilo nilipokuwa nikijibu, na nililichagua jibu lile kwa sababu lilikuwa kweli neno kwa neno.

Mchopa alinitazama. Hakufoka, na mtu yule kutofoka lilikuwa jambo la kutisha. "Basi," akasema polepole, "kama hesabu ni sahihi, itakuwa mkono wangu."

Mimi niliyasikia maneno hayo kama kejeli. Wengine waliyasikia kama kukiri, na afisa akayaandika. Ripoti niliiandika mwenyewe: chanzo cha ajali ni mshono hafifu. Sikutaja jina. Hapakuwa na haja. Mshonaji alikuwa mmoja.

Walimchukua wilayani kwa mahojiano, akakaa huko wiki kadhaa, na shazia zake tatu zikachukuliwa kuwa ushahidi. Aliporudi hakuzidai. Hakuna aliyemwagiza ngoma tena msimu ule wa jando, na kabla ya mvua za mwaka uliofuata akahamia Kilangala kwa watu wa mkewe, akalima mihogo. Siku aliyoondoka nilikuwa kijijini hapo hapo, napima mfereji. Ulikuwa mfereji mfupi. Niliupima asubuhi nzima.

Nilijiambia mambo mengi. Kwamba ningekiri, mradi ungefungwa na vijiji vingine vingekosa maji. Kwamba yeye ataachiwa, nami nisingeachiwa. Majora yaliyobaki niliyakata kwa kufuata mtande, viriba vikapungua idadi, na vyote vikashika. Katika taarifa niliandika "maboresho," na hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Miaka michache baadaye nilichapisha makala juu ya maumbo ya tando zisizovutika sawa kila upande, makala ambayo watu wa fani yangu bado wananitaja kwayo. Mwishoni niliwashukuru "mafundi wa kusini." Maalimu wangu angefunga kitabu.

Karakana ya umma ilipovunjwa, mimi na wenzangu wawili tulichukua mashine zake tukaanzisha kampuni hii mnayoifahamu. Habari zake mnazijua kuliko mimi: matangi ya kitambaa, vifuniko vya mashamba ya chumvi, mahema, maturubai ya vyombo vya Songo Songo, na sasa tando hizi za plastiki zinazokatwa kwa kompyuta. Kila aliyeingia hapa alifundishwa jambo moja kabla ya yote: usikate mpaka umejua kitambaa kimelala wapi. Mmeliita kanuni ya Daktari, mkaliandika ukutani kwa rangi ya kijani. Nimepita mbele ya ukuta huo kila asubuhi, na kila asubuhi nimewaacha muamini.

Mwezi uliopita nilifungua kabati la chuma, nikatoa kile kipande cha turubai, nikaenda Kilangala. Nilipokewa na Somoe, binti wa Mchopa, mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake alikuwa barazani, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho.

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

Somoe akainama, akamrudia salamu hiyo sikioni.

"Nimesikia," akamwambia. "Marahaba, Daktari wa mapovu. Goti bado linauma."

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Niliyaacha. Nikamwekea turubai mikononi. Vidole vyake vikatembea juu ya kitambaa, vikafika kwenye mshono, vikasimama. Akaufuata hatua kwa hatua hadi mwisho wa pande, midomo ikihesabu.

"Saba," akasema. "Huu mkono wangu."

"Ni wako."

"Ni wa kiriba kile?"

"Ndicho. Kilichanika hapa pembeni, Fundi, kwenye kitambaa. Nilikikata mshazari. Nilijua kabla ya mkutano. Mshono ulishika."

"Ulishika?"

"Wote."

"Na hiki kilikuwa wapi miaka yote hii?"

"Kabatini kwangu."

"Umekifungia?"

"Ndiyo."

"Basi kilikaa mahali pazuri kuliko mimi." Akakigeuza kipande upande wa pili, akakipapasa tena. Kisha akasema, si kwangu, ni kama anamwambia Somoe: "Mimi nilidhani ni nta. Mwaka ule nta ilikuwa na uchafu. Nikasema labda sikuivuta vizuri, labda mkono umeanza kuzeeka nami sijui. Ndiyo maana sikushika shazia tena. Nitamshoneaje mtu ngoma nami sijui kama mkono unashika?"

Nilikwenda Kilangala nikiamini nimemwibia jina lake mbele za watu. Sikuwa nimewaza kwamba aliniamini. Watu wa kijiji walimsamehe zamani, afisa alisahau, na yeye, mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kujua kwamba nasema uongo, alikaa akitafuta kosa katika vidole vyake mwenyewe kwa sababu msomi alisema hesabu ni sahihi.

Nikamwuliza anataka nifanye nini. Akasema niandike, Somoe amsomee kabla hamjasoma ninyi, maana mimi ni mtu wa kuchungwa. Nimeandika haya na kuyapeleka mwenyewe. Alisahihisha mawili: kwamba nta haikuwa ya nyuki tu, aliichanganya na mafuta kidogo, na kwamba siku ile hakukaa chini kwa kucheka, alikaa kwa sababu ya goti. Kipande cha turubai kimebaki kwake. Ukutani kwenu, nawaomba mfute "ya Daktari." Mkifundisha kanuni hiyo, semeni mmeisikia kwangu, nami niliisikia kwa Selemani Mchopa, fundi wa ngoma.

Katika nakala ile ya kwanza niliyowapelekea nilikuwa nimeandika, baada ya hapa, kurasa mbili za kuomba radhi, zimepangwa vizuri. Somoe alipozianza, baba yake alinyanyua mkono.

"Hapo ruka," akamwambia. "Nirudishe pale pa mshono."

Somoe akageuza kurasa, akasoma tena kwamba mistari yote miwili ilikuwa mizima, hakuna hatua hata moja iliyolegea.

"Tena," akasema.